Jinsi ya kuchonga jozi ya kero za Andes: mwongozo kamili kuanzia gogo hadi nakshi

Mafundi niliowapa picha na vipimo vya kero walinirudia na matatizo yaleyale. Kikombe cha kwanza kilipasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni kabla hakijaguswa na nakshi. Cha pili kilipona, ila mwenzake alitoka mfupi na mnene. Nakshi zilianza vizuri upande wa mbele, zikafika nyuma zikagongana. Mikono yao haikuwa na shida. Walikosea mpangilio wa kazi, na ndiyo maana nauandika hapa hatua kwa hatua.

Kero, ambayo wengi huandika qero, ni kikombe cha mbao cha sherehe cha milima ya Andes, Amerika Kusini. Wainka, waliotawala milima hiyo kabla ya Wahispania, walikinywea chicha, pombe ya kimea cha mahindi. Najua kwetu kero ni neno la adha. Anayeanza kuchonga kabla ya kusoma hadi mwisho ataona jina limemfaa.

Jambo moja ulishike kabla hujagusa shoka: kero hutengenezwa mbili. Mwenyeji alishika moja, akampa mgeni ya pili, wakanywa pamoja, na vikombe vilipaswa kuwa sawa kwa kimo, upana na nakshi. Kikombe kimoja peke yake ni nusu ya kitu. Kwa hiyo kila hatua utakayoisoma hapa inafanywa kwenye vikombe vyote viwili kabla ya kwenda hatua inayofuata. Ukimaliza kimoja ndipo uanze cha pili, havitafanana kamwe, hata uwe fundi wa namna gani.

## Vitu vya kuandaa

Gogo. Kipande kimoja kibichi, kipenyo kisichopungua sentimita 30 bila gome, urefu sentimita 40. Mimi natumia mjakaranda. Unachongeka kirahisi ukiwa mbichi, na wachongaji wa Kikamba wameutumia miaka mingi. Tena mti huu tunaouona barabarani Nairobi na Arusha asili yake ni kaskazini magharibi ya Argentina na Bolivia, kwa hiyo si mgeni kabisa kwenye kazi hii. Kero za kale zenyewe hazikutoka kwake. Zilizochunguzwa maabara zimeonyesha mara nyingi mbao za jamii ya Escallonia, mti mgumu wa milimani ambao huko Cusco, Peru, unaitwa chachacomo.

Mpingo uache. Ni mgumu mno kuchimbwa ndani kwa mkono, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mwarobaini huchongeka vizuri, lakini uchungu wake utauonja kwenye kila kinywaji.

Vyombo vya kukata. Msumeno, shoka, kabari mbili, tezo ndogo, bobari mbili (yaani patasi zenye makali ya duara, moja pana na moja nyembamba), kisu kilichopinda ncha kwa ajili ya ndani, na kisu kifupi chenye ncha kali kwa ajili ya nakshi.

Vyombo vingine. Keekee au drili yenye ncha ya milimita 25, jiriwa, nyundo ya mti, bikari, penseli, rula ya plastiki inayopinda, kadibodi, vipande virefu vya karatasi, jiwe la kunolea, tupa, msasa wa namba 80, 120, 180 na 240, mizani ya jikoni, kilo moja ya mchele, mishumaa miwili, nta ya nyuki, na mafuta ya mbegu za kitani yasiyochanganywa na kitu.

Mchele usidhani nimekosea kuuandika. Utakuja kuuhitaji.

Mashine ya kukereza haimo kwenye orodha kwa makusudi. Mafundi wa Andes kabla ya Wahispania hawakuwa na mashine hiyo wala chuma. Walifanya kazi kwa vyombo vya mawe na shaba nyeusi, na kero zao zina uhai fulani wa mkono ambao mashine huufuta.

## Vipimo

Kero nyingi za Kiinka zina kimo cha karibu sentimita 15 hadi 20. Hizi zetu zitakuwa hivi zikikamilika:

- Kimo: sentimita 16
- Mdomo: sentimita 11 kwa nje
- Kiuno: sentimita 7.5, kikiwa sentimita 5 juu ya kitako
- Kitako: sentimita 8
- Unene wa ukuta: milimita 7 hadi 8
- Unene wa sakafu ya ndani: milimita 12

Chora nusu ya umbo hili kwenye kadibodi, ukate. Hicho ndicho kiolezo chako cha nje. Kata kingine cha umbo la ndani. Violezo hivi viwili ndivyo vinavyoamua ubishi baadaye, jicho lisipewe nafasi ya hakimu.

## Hatua ya 1: Pasua gogo, toa kiini

Simamisha gogo, weka kabari katikati ya kiini, upige hadi gogo ligawanyike nusu mbili. Kila nusu itatoa kikombe kimoja. Jozi yako itakuwa imezaliwa na gogo moja, yenye rangi moja na tabia moja wakati wa kukauka.

Sasa kwenye kila nusu chonga uondoe sentimita 2 za upande uliokuwa na kiini. Hapa ndipo vikombe vingi vinapofia. Mti unaokauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka miviringo yake kuliko kwa kuelekea katikati. Kiini kikibaki ndani ya kikombe, mbao inayokizunguka inataka kusinyaa na haina pa kwenda, mwishowe inapasuka. Haijalishi umekausha kwa upole kiasi gani.

Kata kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 18. Anza kwa kutupa ncha zote mbili za gogo, kwa kuwa hizo huwa na nyufa ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona.

Umefaulu ikiwa unatazama kichwa cha kipande na unaona miviringo kama upinde, bila kitovu chochote.

Angalizo: nyuzi za mti lazima zisimame wima, kutoka kitako kwenda mdomo, kama kinu kinavyochongwa. Kikombe cha nyuzi za kulala kitavuja na kitavunjika mdomo.

## Hatua ya 2: Chora duara

Kwa bikari, chora duara la sentimita 12 juu ya kipande, na lingine la sentimita 9 ndani yake. Kikombe kitakuwa kikubwa kuliko vipimo vya mwisho, nacho kinahitaji ziada hiyo kwa sababu duara la leo litakuwa yai baada ya kukauka.

Andika A kwenye kipande kimoja na B kwenye kingine, kwenye kitako, kwa penseli nzito. Alama hizo zisifutike hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Chimba ndani kwanza

Watu wengi huanza na umbo la nje kwa sababu linapendeza macho. Kisha wanashangaa kikombe kinateleza kwenye jiriwa, na kikibanwa kinabonyea. Chimba ndani wakati kipande bado kina pembe. Pembe zinashikika, na unene wa nje unameza mapigo ya nyundo.

Funga utepe kwenye ncha ya drili, sentimita 14.5 kutoka nchani. Toboa shimo la katikati hadi utepe uguse mbao, kisha toboa mashimo mengine kulizunguka, yakaribiane bila kuingiliana, ukibaki ndani ya duara dogo. Kadiri unavyosogea nje, toboa mashimo mafupi zaidi, kwa kuwa kero ni pana juu na nyembamba kiunoni. Toboa A, halafu B.

Ingia na bobari pana kuvunja kuta kati ya mashimo. Halafu nyembamba.

Sasa sikiliza vizuri, maana kanuni hii ndiyo iliyowashinda wengi. Ndani ya kikombe, mkato mlaini unapanda kutoka chini palipo pembamba kwenda juu palipo papana. Ukisukuma bobari kutoka mdomoni kwenda chini, makali hupenda kufuata nyuzi na kuzama ukutani, na unachimba shimo ambalo hukulitaka. Kuvunja vipande vikubwa utafanya kwa kushuka, maana hakuna njia nyingine, lakini kata vipande vyembamba na uzungushe mkono kidogo kila unaposukuma. Kulainisha ukuta ufanye kwa kisu kilichopinda, ukikivuta kuja mdomoni.

Sakafu ya ndani ni kazi ngumu kwa sababu unakata vichwa vya nyuzi. Makali yakiwa butu, yatararua badala ya kukata. Noa kabla ya kufika hapo, noa tena ukiwa hapo.

Acha ukuta wenye unene wa milimita 15 na sakafu ya milimita 20.

Umefaulu ikiwa kiolezo cha ndani kinaingia A na B na kubakiza mwanya unaolingana pande zote.

## Hatua ya 4: Toa umbo la nje

Chonga pembe kwa shoka hadi kipande kiwe na pande nane, halafu kumi na sita, kisha shika tezo. Anayetumia tezo kwa vinyago hahitaji kufundishwa hapa. Asiyeijua afanye kwa kisu kikubwa na subira.

Kanuni ya nje ni kinyume cha ya ndani: kata kutoka papana kwenda pembamba. Toka mdomoni ushuke hadi kiunoni. Toka kitakoni upande hadi kiunoni. Mikato miwili ikutane kiunoni na isipite. Ukipita, unainua nyuzi za upande wa pili.

Fanya A robo, B robo. Rudi A. Viweke mezani vimesimama pamoja kila baada ya dakika chache, uvitazame ukiwa umesimama mbali hatua tatu. Tofauti ambayo huioni ukiwa umekishika mkononi utaiona papo hapo ukiwa mbali.

Usilainishe chochote kwa sasa. Ukuta ubaki na unene uleule wa milimita 15 kila mahali, kiunoni pia. Sehemu nene hukauka polepole kuliko nyembamba, na mpaka kati yao ndipo ufa unapoanzia.

## Hatua ya 5: Kausha bila haraka

Hii ni hatua isiyo na kazi na ndiyo iliyoharibu vikombe vingi kuliko zote.

Maji hutoka kwa kasi kubwa kwenye vichwa vya nyuzi kuliko ubavuni. Kwa kikombe chetu, vichwa vya nyuzi viko mdomoni, kitakoni na kwenye sakafu ya ndani. Yeyusha mshumaa, upake sehemu hizo tatu kwa brashi kuukuu. Ubavu uache wazi.

Pima uzito wa kila kikombe kwenye mizani ya jikoni, uandike kwa penseli ubavuni pamoja na tarehe. Kisha vitumbukize vyote viwili kwenye mfuko mmoja wa karatasi pamoja na maranda mabichi yaliyotoka kwenye kazi yenyewe. Maranda hutoa unyevu polepole na kuzuia hewa ya mfukoni isikauke ghafla. Funga mdomo wa mfuko, uweke kivulini, mbali na dirisha na jiko.

Mfuko wa plastiki hapana: ukungu utakula mbao kwa siku chache. Jua hapana. Juu ya paa la mabati hapana, ingawa nimewahi kumwona fundi mzoefu akifanya hivyo na kudai kuwa huharakisha. Inaharakisha kweli, kwa maana kwamba utaanza upya mapema.

Baada ya wiki ya kwanza toa maranda, weka mapya makavu. Pima kila wiki. Uzito utashuka sana mwanzoni, halafu kidogo kidogo. Uzito ukibaki uleule kwa wiki 2 mfululizo, mbao imekauka kwa kiwango cha hewa ya kwako. Pwani, ambako hewa ina unyevu, subiri zaidi kuliko nyanda za juu. Mimi hutenga wiki 6 hadi 8 na sijawahi kujuta.

Umefaulu ikiwa mdomo umekuwa yai kidogo, na ukigonga ukuta kwa ukucha unasikia mlio wa juu, mkavu.

Kikipasuka. Ufa mfupi wa mdomoni, chini ya sentimita 1, hauna msiba: kata mdomo wa kikombe hicho kuondoa ufa, na ukate mdomo wa mwenzake kiasi hichohicho. Ufa unaofika kiunoni, au wowote wa sakafuni, hauzibiki kwa gundi ya kuaminika katika kikombe cha kunywea. Kifanye pambo, uchonge kingine. Na kama unachonga kingine, usiombe kilingane na kilichobaki. Anza jozi mpya.

## Hatua ya 6: Kamilisha umbo na upime kwa mchele

Futa nta. Rudisha mduara wa mdomo kwa kisu na tupa, sasa ukifuata vipimo vya mwisho. Punguza kuta hadi milimita 8, sakafu hadi 12. Kimo utakikuta kimebaki karibu sawa na ulichokiacha, kwa kuwa mti hausinyai kwa urefu wa nyuzi kwa kiasi cha kuhesabika. Kata ziada hadi sentimita 16, vyote viwili kwa mpigo, vikiwa vimesimama pamoja kwenye meza.

Sasa mchele. Jaza A hadi mdomoni, ulinganishe juu kwa rula, kisha umimine wote ndani ya B. Ukimwagika, B ni ndogo. Ukipungua, B ni kubwa. Toa mbao ndani ya kile kidogo hadi mchele ulingane. Maji usitumie, kwa sababu mbao isiyopakwa kitu itayanywa na kuvimba.

Kipimo hiki kina maana kuliko kulinganisha kwa macho. Kero mbili ziliwapa watu wawili kinywaji sawa, na usawa huo ndio uliokuwa ujumbe. Titu Cusi Yupanqui, mmoja wa watawala wa mwisho wa Kiinka, alisimulia mwaka 1570 kwamba Atahualpa, mfalme wa Wainka Wahispania walipofika, alimpa Mhispania chicha katika kikombe cha dhahabu, na Mhispania akaimwaga. Kwa Muinka lile lilikuwa tusi lisilohitaji mkalimani.

## Hatua ya 7: Msasa, kabla ya nakshi na wala si baada

Anza na namba 80, maliza na 240, ukifuata urefu wa nyuzi. Kisha pangusa kikombe kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke, na nyuzi zitakazosimama zikate tena kwa 240. Fanya hivyo mara mbili. Usipofanya sasa, nyuzi zitasimama siku ya kwanza utakapokinywea.

Msasa ukipita juu ya nakshi iliyokwisha kuchongwa, unazungusha kingo zake. Nakshi ya Kiinka uzuri wake wote uko kwenye ukali wa kingo. Kwa hiyo ukifika hatua ya 9, msasa uwe umefungiwa kabatini.

## Hatua ya 8: Gawa uso kabla ya kuchora

Kwanza amua unachonga kero ya wakati gani. Watu hunakili picha yenye watu, maua, upinde wa mvua na rangi nyingi, kisha wanaiita ya kale kabla ya Wahispania. Kero za namna hiyo ni za enzi ya ukoloni. Mara nyingi zina mistari mitatu ya mapambo: watu juu, miraba ya maumbo iitwayo tocapu katikati, maua chini. Kero za Kiinka kabla ya hapo kwa kawaida zina chale za mistari tu: mistatili ndani ya mistatili, zigizaga, almasi zilizofuatana. Tunachonga hizi.

Zungusha kipande cha karatasi mdomoni, weka alama kinapokutana, ukate hapo. Kikunje katikati mara 3. Ukikikunjua kina sehemu 8 zilizo sawa, kila moja karibu sentimita 4.3. Kirudishe mdomoni na uhamishe alama. Fanya vivyo hivyo kiunoni kwa karatasi nyingine. Huko kila sehemu itakuwa karibu sentimita 2.9. Unganisha alama za juu na za chini kwa rula ya plastiki.

Hapo utagundua kwa nini nakshi za watu ziligongana nyuma: walichora mistatili yenye upana mmoja juu na chini, ilhali kikombe kinapungua. Mstatili kwenye kero lazima uwe mpana juu kuliko chini. Macho yakiutazama kwenye kikombe yanauona mnyoofu.

Mistari ya mlalo usiichore kwa mkono. Panga vipande vya mbao mezani hadi kimo unachotaka, lalia penseli juu yake ncha ikigusa kikombe, kisha zungusha kikombe, penseli isitikisike. Chora mstari huo kwenye A, halafu kwenye B, kabla ya kubadili kimo cha vipande. Hivyo mistari ya vikombe viwili haina budi kulingana.

Mpango wangu ni huu: mstari sentimita 1 chini ya mdomo, mwingine sentimita 6.5 chini ya mdomo, na kati yao mistatili 8, kila mmoja ukiwa na mingine miwili ndani yake kwa nafasi ya milimita 5. Chini yake ukanda wa zigizaga wa sentimita 3. Kiuno na kitako viachwe vitupu. Kishawishi cha kujaza kila mahali kitakujia. Kikatae.

## Hatua ya 9: Kata chale

Chukua maranda makubwa au kipande kilichobaki cha gogo lilelile, ujaribu mikato ishirini kabla ya kugusa kikombe.

Kila mstari ni mikato miwili inayoegemeana, ikikutana chini kama herufi V. Kina cha milimita 1 kinatosha, 1.5 ikiwa mkono wako ni mzito. Egemeza kisu, kata upande mmoja, geuza kikombe, kata upande wa pili, na uzi mwembamba wa mbao utoke mzima.

Anza na mistari yote ya mlalo. Inakata nyuzi, kwa hiyo inakuwa ukuta wa kuzuia. Halafu ingia mistari ya wima. Hii ndiyo hatari, kwa kuwa inakwenda na nyuzi na kisu hupenda kuzifuata zinakotaka. Pitisha mara ya kwanza kwa wepesi sana, rula ikiwa imebanwa kwa kidole gumba, mara ya pili ndipo utie nguvu. Kisu kikifika kwenye mstari wa mlalo kitatumbukia ndani yake na kusimama, badala ya kupasua kuendelea.

Zigizaga ziache mwisho. Kila mstari wa mshazari una upande mmoja unaokatika vizuri na mmoja unaorarua. Ukiona mbao inachanika, usilazimishe. Geuza kikombe juu chini ukate kutoka upande wa pili.

Na bado ni zamu: ukanda mmoja A, ukanda uleule B. Ukikosea A kwa namna isiyofutika, kwa mfano mstari umezidi milimita 2, una uhuru wa kurudia kosa hilo kwenye B. Likiwa pande zote mbili, linakuwa mtindo.

Umefaulu ikiwa unafunga macho, unapitisha kidole, na huwezi kusema unashika A au B.

## Rangi: kwa nini nashauri uiache

Rangi za kero za ukoloni hazikupakwa kwa brashi. Mafundi walitumia utomvu uitwao mopa mopa, unaotoka kwenye mti wa jamii ya Elaeagia wa huko Kolombia na Ekuado. Waliuchanganya na rangi, wakaunyoosha kuwa utando mwembamba, wakaukata na kuulaza kwenye mashimo yaliyochongwa. Utomvu huo huupati hapa, na rangi ya mafuta ya dukani haitoi sura ile.

Mwingine atasoma kwamba rangi hizo zilikuwa na sinabari kwa wekundu na orpimenti kwa manjano, akazitafute. Asithubutu. Ya kwanza ina zebaki na ya pili ina aseniki. Nyeupe nyingine zilikuwa za risasi.

Ukitaka lazima mistari ionekane kwa mbali, changanya nta ya nyuki iliyoyeyuka na masizi laini, ujaze chale, ukwangue ziada. Nta ni laini, kwa hiyo jozi hiyo iwe ya kutazama tu.

## Hatua ya 10: Mafuta

Paka mafuta ya kitani ndani na nje, subiri dakika 20, pangusa yote yasiyonywewa. Kiache siku 3 hadi 4, rudia. Mikono 4 inatosha. Kisha acha vikombe wiki 3 kabla ya kutia kinywaji, mafuta yagande kabisa. Malizia kwa nta kidogo kwa nje.

Mafuta ya kupikia hayagandi vizuri. Yatabaki yananata, na baada ya muda yatanuka. Mafuta ya kitani yanayouzwa madukani kama yaliyochemshwa mara nyingi yametiwa kemikali za metali za kukaushia haraka, nayo hayafai kwenye chombo cha kinywa.

Angalizo kubwa: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kupata joto chenyewe hadi kuwaka moto. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kukitupa.

## Weka alama yako kitakoni

Chonga jina lako na mwaka kwenye kitako cha kila kikombe, kwa kina kisichofutika kwa msasa. Kero halisi ni mali inayolindwa. Sheria ya Peru namba 28296 ya mwaka 2004 inahusu urithi wa utamaduni wa nchi hiyo, na biashara ya kughushi vitu vya kale ni kubwa. Kikombe chako kizuri kisicho na alama kinaweza kuuzwa na mtu wa tatu kama cha miaka 500. Na wewe ukisafiri nacho, jina na mwaka vitakuokolea maelezo mengi uwanja wa ndege.

## Matumizi na matunzo

Vitumie kwa vinywaji baridi. Chai ya moto itafungua nyuzi. Busaa ni ndugu wa karibu wa chicha kwa kuwa nayo ina kimea, na inakaa vizuri ndani yake. Huko Andes hadi leo watu humwaga tone chini kwa ajili ya Pachamama, yaani mama ardhi, kabla ya kunywa. Ukifuata desturi hiyo sebuleni, tandika kitu kwanza.

Suuza mara tu baada ya kunywa, kwa maji ya uvuguvugu bila kuloweka, na uvikaushe vikiwa vimeinamishwa kivulini. Baada ya miezi 6 hivi mbao itaanza kupauka ndani. Paka mafuta mkono mmoja, na ukimpaka A, mpake B siku hiyohiyo, hata kama B hajatumika. Vikae rafu moja. Nilimpa rafiki kimoja nikabaki na cha pili, na baada ya mwaka chake kilichokaa karibu na dirisha kilikuwa kimepauka na kupinda mdomo, changu bado kina rangi ya asali. Sasa niko kwenye hatua ya 1 tena.